ANAYEYUMBA SI LAZIMA AWE AMELEWA

Maelezo ya juma, kama yalivyosomwa redioni

Juma hili nataka tuzungumze juu ya kizunguzungu, na juu ya kiungo ambacho wengi wetu hatukifikirii kabisa tunapopatwa na kizunguzungu, yaani sikio. Lakini kabla ya kuingia katika maelezo, naomba niwasimulie jambo lililotokea katika ukoo wetu, ambalo hadi leo nikilikumbuka naona haya.

Mwaka 1994 baba yangu mdogo, aliyekuwa mvuvi wa dagaa, alianza kuyumba. Mchana alitembea vizuri kama watu wote. Lakini jua likizama, naye akitoka msikitini baada ya sala ya isha, alitembea ametanua miguu kama mtu aliyesimama ndani ya mtumbwi, akishika ukuta wa huyu na mti wa yule. Siku hizo umeme ulikuwa wa wachache na njia zetu zilikuwa na giza. Watu hawakukawia kutoa hukumu. Wakasema, "Yule bwana siku hizi anapitia kilabuni."

Maneno hayo yalimfikia mwenye chombo alichokuwa akifanyia kazi. Naye akamwambia apumzike kwanza, maana mtu anayeyumba hawezi kuvuta wavu usiku. Mama mdogo akawa anamnusa kanzu kila anaporudi. Na mimi mwenyewe, mtoto wa kaka yake, jioni moja nilimwona anakuja huku anapepesuka, nikavuka upande wa pili wa njia, nikajifanya sikumwona.

Baba mdogo hakuwahi kuonja pombe maishani mwake. Ila mwaka huo alikuwa ametoka kutibiwa kifua kikuu, na katika tiba hiyo alichomwa sindano za streptomaisini kila siku kwa wiki nyingi. Wakati wa sindano hizo aliwahi kutuambia kwamba anasikia sauti masikioni, mlio mwembamba kama wa nyenje, na kwamba akitembea anaona maandishi ya ukutani yanarukaruka. Sisi tukamwambia kwamba huo ni uchovu wa ugonjwa, ale vizuri, utapita.

Aliyetufungua macho ni mganga mmoja wa hospitali. Alimwambia baba mdogo asimame wima, miguu ameibananisha, mikono imeshuka. Akasimama imara kama mlingoti. Kisha yule mganga akasema, "Sasa mzee, fumba macho." Alipofumba tu, alikwenda upande kama gunia la mihogo, na mganga akamdaka. Ndipo akamwuliza swali ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwuliza: "Masikio yako yanasemaje?"

Swali hilo ndilo kiini cha mazungumzo yetu ya leo.

Ndugu msikilizaji, sikio tunalijua kuwa ni chombo cha kusikia. Hiyo ni nusu ya kazi yake. Nusu ya pili ni kutusimamisha. Sikio ni kama nyumba yenye vyumba vitatu. Chumba cha nje ni tundu tunaloliona, nalo linaishia kwenye kiwambo, ngozi nyembamba iliyowambwa kama ngoma. Nyuma ya kiwambo kuna chumba cha kati, chenye hewa na vifupa vitatu vinavyoitwa nyundo, fuawe na kikuku. Kikuku ndicho mfupa mdogo kuliko yote mwilini. Urefu wake ni kama milimita 3 tu. Nyuma ya kikuku kuna chumba cha ndani, kilichochimbwa ndani ya mfupa mgumu wa kichwa na kujaa maji maji.

Katika chumba hicho cha ndani wanakaa wapangaji wawili. Wa kwanza ni mpangaji wa kusikia. Umbo lake ni kama koa la konokono lililojiviringa mara mbili na nusu, na ndani yake mna chembe zenye vinyweleo kiasi cha 15,000. Wa pili ni mpangaji wa mizani. Yeye ana mifereji mitatu iliyopinda nusu duara, imepangwa kama kuta mbili na sakafu zinavyokutana kwenye kona ya chumba. Ukigeuza kichwa upande wowote, maji ya mfereji mmoja au zaidi husukuma vinyweleo, na ubongo hupata habari kwamba kichwa kinageuka. Karibu na mifereji hiyo kuna vifuko viwili vyenye vijiwe vidogo sana vya chokaa. Hivyo huuambia ubongo juu ni wapi na chini ni wapi.

Wapangaji hawa wawili wanatumia maji yale yale, damu ya mshipa mmoja, na habari zao husafiri kwenda ubongoni katika mshipa mmoja wa fahamu. Ndiyo maana balaa likiingia katika nyumba hiyo, mara nyingi huwapata wote wawili: mmoja analia kwa mlio au uziwi, na mwenzake analia kwa kizunguzungu.

Lakini utaniuliza, kama wanatumia maji yale yale, mbona ngoma ikipigwa sisi hatuanguki? Jibu ni kwamba chumba cha ndani kina madirisha mawili tu. Kikuku kinasukuma dirisha la kwanza, sauti inapita katika koa la konokono, na kutulia kwenye dirisha la pili. Ni kama upepo unaoingia kwa mlango wa mbele na kutokea mlango wa uani. Mapazia ya chumba cha pembeni hayatikisiki. Sasa toboa dirisha la tatu katika kile chumba cha pembeni. Upepo utapita huko pia, na mapazia yatapepea.

Jambo hilo lilionekana kwa njiwa. Mwaka 1929 mtaalamu wa Italia aliyeitwa Pietro Tullio aliandika kitabu juu ya majaribio yake. Alitoboa tundu dogo katika mfupa unaofunika mfereji mmoja wa mizani wa njiwa, kisha akapiga sauti. Macho na kichwa cha njiwa vikasogea kwa kufuata mfereji uliotobolewa. Na mwaka 1998 Lloyd Minor na wenzake wa Baltimore, Marekani, wakaeleza habari za watu ambao mfupa wa juu wa mfereji wao una tundu. Watu hao wakisikia kelele kubwa, au wakikohoa kwa nguvu, dunia inawazunguka. Wengine wanasikia hata vishindo vya nyayo zao ndani ya kichwa. Zamani mtu akisema kwamba sauti ya tarumbeta inamwangusha, angeambiwa ana mashetani au ana wazimu. Kumbe ana tundu mfupani, na wako wanaotibiwa kwa kuliziba.

Hata kabla ya hapo madaktari wenyewe walikuwa wamepotea. Kwa muda mrefu walidhani kila kizunguzungu kinatoka ubongoni, wakawatoa wagonjwa damu bure. Mwaka 1861 Prosper Menière, daktari wa taasisi ya viziwi mjini Paris, alisimama mbele ya wenzake akawaambia kwamba wako wagonjwa wa kizunguzungu ambao ubongo wao ni mzima. Ugonjwa umo katika sikio la ndani. Alilijua hilo kwa sababu aliishi na watu wenye matatizo ya kusikia, na aliona kwamba kizunguzungu chao kinakuja pamoja na mlio na uziwi. Sauti ndiyo iliyokuwa shahidi.

Sasa turudi kwetu, kwenye ziwa letu la Tanganyika. Katika Februari 1858 Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, walifika Ujiji. Mwezi uliofuata Speke alisafiri kwa mtumbwi kwenda kisiwa cha Kasenge, ng'ambo ya ziwa, kutafuta jahazi la kukodi. Usiku mmoja dhoruba ikalipiga hema lake. Ilipotulia aliwasha mshumaa, na mara hema likajaa wadudu weusi wadogo. Alipolala, mmoja akaingia sikioni na kuanza kuchimba kuelekea kwenye kiwambo. Kwa maelezo yake mwenyewe, alitafuta tumbaku, mafuta na chumvi, asipate. Akajaribu siagi iliyoyeyushwa, haikufaa. Mwisho akachukua ncha ya kisu kidogo akamchoma mdudu ndani ya sikio.

Mdudu alikufa, lakini sikio nalo liliumia. Likafanya usaha, uso ukavimba, na kwa miezi mingi akawa karibu kiziwi upande huo. Anasema kwamba alipopenga kamasi, sikio lilipiga mluzi hata watu wakacheka, na kwamba vipande vya mdudu vilikuwa vikitoka pamoja na nta baada ya miezi sita au saba. Maelezo hayo yanalingana na kiwambo kilichotoboka: hewa ya puani hupanda kwa mrija unaounganisha pua na chumba cha kati, na kutokea tunduni.

Tusimcheke Speke. Ni wangapi kati yetu wanaochokonoa masikio kwa njiti ya kiberiti, ufunguo, unyoya wa kuku au kifuniko cha kalamu? Ubaya wa kutoboa kiwambo hauishii kwenye kusikia. Robert Bárány, daktari wa Vienna, aligundua kwamba akimwosha mgonjwa sikio kwa maji baridi, mgonjwa anashikwa na kizunguzungu na macho yake yanachezacheza kuelekea upande mmoja. Akitumia maji ya moto, macho yanacheza kuelekea upande wa pili. Sababu ni kwamba baridi au joto huyafanya maji ya mfereji wa mizani yatembee ingawa kichwa kimetulia. Kazi yake hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel ya mwaka 1914. Basi fikiria kijana mwenye kiwambo kilichotoboka anapiga mbizi Kibirizi. Maji ya ziwa yanaingia moja kwa moja hadi chumba cha kati, upande mmoja tu. Papo hapo dunia inamzunguka, hajui juu ni wapi. Watasema amevutwa na majini.

Naam, sasa tumeshaona kwamba kizunguzungu na sauti ni ndugu. Je, hilo linatusaidia nini? Linatusaidia kujua swali la kuuliza. Mtu akikuambia kichwa kinamzunguka, mwulize habari za masikio yake.

Akisema kwamba kizunguzungu kinamjia kwa dakika nyingi au kwa saa kadhaa, na kabla yake au pamoja nacho sikio moja linajaa, linavuma na halisikii vizuri, basi huenda ni ule ugonjwa ambao leo unaitwa kwa jina la Menière.

Akisema kwamba masikio hayana neno, lakini kila akijigeuza kitandani au akiinua kichwa kutazama juu dunia inazunguka kwa nusu dakika hivi kisha inatulia, huenda vile vijiwe vya chokaa vimetoka katika kifuko chao na kuangukia katika mfereji. Huo hauhitaji vidonge wala sindano. Mganga aliyefundishwa humlaza mgonjwa na kumgeuza kichwa kwa utaratibu maalumu mpaka vijiwe virudi mahali pake. Wengi hupona siku hiyo hiyo.

Akisema kwamba sikio linatoka usaha, na sasa kimeongezeka kizunguzungu, huyo asingoje kesho. Usaha huenda umekaribia au umeingia chumba cha ndani, na kutoka hapo ubongo hauko mbali.

Na akisema kwamba mlio au kizunguzungu kilianza alipokuwa akitumia dawa, aulizwe ni dawa gani. Kwinini, ambayo wazee wetu waliinywa sana kwa malaria, huleta mlio, uziwi kidogo na kizunguzungu, na kwa kawaida mambo hayo huisha dawa inapokwisha. Aspirini ikizidi kiasi nayo huvumisha masikio. Lakini streptomaisini ni jambo jingine. Dawa hiyo iligunduliwa Marekani mwaka 1943 katika maabara ya Selman Waksman, na ilikuwa dawa ya kwanza iliyoweza kweli kupambana na kifua kikuu. Imeokoa watu wasiohesabika. Hata hivyo madaktari waliona mapema kwamba kwa baadhi ya wagonjwa inaua vile vinyweleo vya mizani. Kanamaisini, ndugu yake, hupenda zaidi kuua kusikia. Na vinyweleo vya sikio la ndani la binadamu vikishakufa, haviwezi kuota tena kurudisha kazi ile.

Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Sisi tulimwona mtu ambaye dawa ndiyo iliyoua sehemu ya sikio lake. Lakini naomba nisikike vizuri hapa. Sisemi mtu aache dawa za kifua kikuu. La hasha! Kifua kikuu kisichotibiwa kinaua, na kinawapata watoto nyumbani. Tena mambo yamebadilika: siku hizi tiba ya kawaida ni ya vidonge, na mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba kanamaisini isitumike tena hata kwa kifua kikuu sugu. Ninachosema ni hiki: dawa yoyote ikikuletea mlio sikioni au kuyumba, mwambie muuguzi au mganga siku hiyo hiyo. Usiache mwenyewe, na usinyamaze. Baba mdogo alitueleza sisi, nasi tukamnyamazisha.

Kuna na kelele. Kelele kwa kawaida huua kusikia kwanza kabla ya mizani. Kipimo kinachotumiwa na wataalamu wengi ni kwamba desibeli 85 mtu azivumilie kwa muda usiozidi saa 8 kwa siku, na kila kelele inapopanda, muda unafupishwa. Kijana anayeshinda kwenye mashine ya kusaga au kulala kwenye injini ya boti, masikio yakivuma anapofika nyumbani, ajue kwamba ameonywa. Vizibo vya masikio si anasa.

Mambo machache ya kukumbuka, msikilizaji. Usiingize kitu chochote kigumu sikioni. Mdudu akiingia, na kama sikio halijawahi kutoboka wala kutoa usaha, dondoshea mafuta ya kupikia yaliyo vuguvugu kidogo ili afe, kisha nenda zahanati akatolewe. Mafuta ambayo Speke aliyakosa usiku ule, leo yamo katika kila jiko la Kigoma. Usimtie mtoto mwenye usaha sikioni majani wala mkojo. Mpeleke kwa mganga. Na si kila kizunguzungu ni cha sikio: njaa, upungufu wa damu, malaria na shinikizo la damu navyo huleta. Lakini kizunguzungu kikija ghafla pamoja na mdomo kupinda, ulimi kuwa mzito, mkono au mguu kulegea, kuona vitu viwili viwili, au kichwa kuuma vibaya mno, hapo ubongo uko hatarini. Kimbiza mgonjwa hospitali saa hiyo hiyo.

Sasa nimalizie habari za baba mdogo. Yule mganga alitueleza kwamba mtu husimama kwa vitu vitatu: masikio, macho na nyayo. Kama mizani ya masikio imeharibika, macho na nyayo hubeba mzigo. Mchana macho yanamwonyesha mtu wima ni upi. Usiku, katika giza, anabaki na nyayo tu, na katika chombo kinachotikiswa na mawimbi hata nyayo zinadanganywa. Akaongeza neno lililotunyamazisha wote: mtu wa namna hiyo akianguka majini usiku, anaweza kupiga mbizi kwenda chini akidhani anakwenda juu. Na ziwa letu, kwenye kina chake kikubwa, lina mita zipatazo 1,470.

Kwa hiyo mwenye chombo, aliyemsimamisha kwa kumdhania mlevi, huenda alimwokoa bila kujua. Hata hivyo alipopata habari alikuja nyumbani, akakaa mkekani, akaomba radhi. Baba mdogo akafundishwa mazoezi ya kukaza macho kwenye kidole gumba huku akigeuza kichwa, akayafanya kila asubuhi na jioni. Hakurudi kuvua usiku. Akawa anashona nyavu mchana, na usiku hakutoka bila tochi. Kuyumba kulipungua sana, ingawa hakukwisha.

Mimi nilichelewa kuliko mwenye chombo. Ilinichukua karibu mwaka mzima kumwambia kwamba jioni ile nilimwona. Akanijibu, "Najua, mwanangu. Macho yangu hayakuwa na ubovu."

Ndugu msikilizaji, ukimwona mtu anayumba njiani, mshike mkono kwanza, kisha mwulize, "Masikio yako yanasemaje?" Akiwa kweli amelewa, hujapoteza kitu. Akiwa mgonjwa, umemrudishia heshima yake, na huenda umemrudishia uhai.

Hadi juma lijalo, nawatakieni afya njema. Kwa herini.